Daftari la maumivu ya tumbo: namna ya kurekodi maumivu ya viungo vya ndani kabla ya kumwona daktari

Mwanamke wa Nairobi anayeumwa chini ya kitovu kila mwezi huzungushwa sana. Kemisti ya mtaani inampa dawa ya UTI. Mwezi unaofuata anapimwa homa ya matumbo, kisha anaambiwa ana vidonda vya tumbo, na mwishoni anashauriwa azae tu, yataisha. Kila anayemhudumia huanza na swali lile lile, "Unaumwa wapi?", naye hujibu kwa kupitisha kiganja kizima juu ya tumbo. Kiganja hicho hakijakosea. Maumivu ya mfuko wa uzazi, kibofu na utumbo mpana hayana mahali pamoja pa kuonyesha kwa kidole, na sababu yake iko kwenye neva.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kuandaa rekodi ya mizunguko miwili ya hedhi, takriban miezi miwili, inayomwonyesha daktari mambo matatu yenye uzito kuliko mahali: wakati, kichochezi, na kilichopunguza. Unahitaji daftari la miraba la shule, kalamu za rangi mbili, pamba kidogo, na jagi la jikoni lenye alama za mililita. Simu nayo inafaa, lakini ukurasa wa karatasi daktari huusoma kwa mtazamo mmoja, hasa kliniki ikiwa na foleni ndefu.

Hali zisizongoja daftari

Kama unaweza kuwa mjamzito, hata kwa uwezekano mdogo, nunua kipimo cha mkojo kemisti kabla ya jambo lolote. Maumivu ya tumbo pamoja na kipimo chanya, kutokwa damu, kizunguzungu au maumivu kwenye ncha ya bega yanaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi. Bega linauma kwa sababu damu iliyovuja tumboni inagusa diaframu, msuli unaotenganisha kifua na tumbo, na neva ya diaframu inatoka kwenye pingili za shingo, ya 3 hadi ya 5, mahali pale pale zinapoingia neva za ngozi ya bega. Hapo ni kwenda hospitali saa hiyo hiyo. Piga 999, 112, au 1199 ya Msalaba Mwekundu.

Nenda pia bila kungoja ukiwa na homa pamoja na maumivu ya tumbo la chini, maumivu makali ya ghafla upande mmoja yanayokutapisha (ovari inaweza kuwa imejisokota), tumbo gumu kama ubao, mkojo uliokataa kutoka, choo cheusi kama lami, au damu inayolowesha pedi nzima kila saa kwa saa mbili mfululizo. Kifua kinachobana pamoja na jasho, kichefuchefu au maumivu ya taya na mgongo ni cha dharura pia. Wanawake wenye shambulio la moyo hupata dalili hizi za pembeni mara nyingi zaidi kuliko wanaume, wakadhani ni gesi.

Kuna kipimo kimoja ambacho barabara zetu zinakupa bure. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2012 uliwauliza wagonjwa walioshukiwa kuwa na kidole tumbo kama maumivu yaliongezeka gari lilipopita juu ya matuta. Kati ya 34 waliothibitishwa kuwa nacho, 33 walisema ndiyo. Wengi wasio nacho pia walisema ndiyo, kwa hiyo jibu hilo halithibitishi ugonjwa. Ila kama maumivu yalianzia kitovuni, yakashuka upande wa kulia ndani ya siku moja, na kila tuta ambalo matatu inapanda linakufanya ushike tumbo, usiende kazini. Nenda hospitali.

Kwa nini mahali panadanganya

Mwiba ukikuchoma kidoleni unajua ni pale pale, kwa sababu ngozi imejaa neva. Viungo vya ndani vina neva chache mno: hazifiki asilimia 10 ya neva zote za hisia zinazoingia kwenye uti wa mgongo. Chache hizo zinasambaa ngazi nyingi, na zikifika zinakutana na neva za ngozi na misuli kwenye seli zile zile zinazopeleka habari juu. Ni kama abiria wa njia kadhaa wanaoshushwa kwenye steji moja: aliyesimama pale hawezi kujua nani alitoka wapi. Ubongo umezoea kupata habari kutoka kwenye ngozi, hivyo unasema ngozi au misuli ndiyo inayouma.

Neva za sehemu ya juu ya mfuko wa uzazi zinaingia kati ya pingili ya 10 ya kifua na ya kwanza ya kiuno. Kwa hiyo maumivu yake yanatokea tumboni chini ya kitovu, kiunoni, na wakati mwingine mapajani. Neva za mlango wa mfuko wa uzazi zinapita njia nyingine, kwenye pingili za 2 hadi 4 za nyonga, ambako pia zinaingia neva za kibofu na za sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Viungo vitatu, ngazi moja. Ndiyo maana mtu anaweza kutibiwa kibofu kwa mwaka mzima wakati tatizo liko nyuma ya mfuko wa uzazi.

Jambo la pili ni aina ya kinachouma. Utumbo ukikatwa kwa kisu au kuchomwa, karibu hauhisi kitu. Ukijaa gesi na kutanuka, ukikosa damu, au ukivimba kwa uchochezi, unauma vibaya. Mfuko wa uzazi nao unauma ukijibana hadi kuzibana mishipa yake yenyewe ya damu. Maumivu ya ndani yanakuja na kichefuchefu, jasho na kizunguzungu kwa sababu neva hizo hizo zinaingiliana na mifumo inayoendesha moyo na tumbo. Kutapika siku ya kwanza ya hedhi si kukosa uvumilivu.

Halafu kuna viungo kuambukizana maumivu. Maria Adele Giamberardino na wenzake nchini Italia wamechunguza wanawake wenye mawe ya figo na maumivu ya hedhi kwa pamoja. Walikuwa wakipata mashambulio mengi na makali zaidi ya figo kuliko wenye mawe peke yake. Katika kazi waliyoichapisha mwaka 2010 walionyesha upande wa pili: kutibu kiungo kimoja kunapunguza maumivu ya kingine. Kwako maana yake ni hii: usiache kuandika habari za choo na mkojo kwa sababu "shida yangu ni hedhi".

Kuchora kurasa

Ukurasa mmoja uwe wa wiki moja. Andika kila siku, pamoja na siku ambazo hujaumwa. Watu wengi huandika siku mbaya tu, na hapo daftari linapoteza thamani, kwa sababu daktari hatajua siku zilizoachwa wazi zilikuwa nzuri au zilisahauliwa.

Mwaka 1996, Donald Redelmeier na Daniel Kahneman walichapisha utafiti wa wagonjwa waliokuwa wakichunguzwa utumbo mpana kwa kamera au kuvunjwa mawe ya figo, wakiwa macho, na kutoa alama ya maumivu kila dakika moja. Baadaye walipoulizwa kumbukumbu yao, waliikumbuka ile dakika mbaya kabisa na dakika za mwisho. Urefu wa mateso haukubaki kichwani. Ukikaa mbele ya daktari na kukumbuka mwezi uliopita, ubongo wako utafanya hivyo hivyo. Andika siku ile ile, jioni kabla ya kulala.

Safu zenyewe ni hizi. Ya kwanza ni tarehe na siku ya mzunguko. Siku ya 1 ni siku damu inapotoka sawasawa. Matone ya siku iliyotangulia hayahesabiwi. Kama unatumia sindano ya miezi mitatu au kipandikizi, huenda huna mzunguko unaoeleweka. Andika tarehe tu, weka alama ya nukta siku za matone, na uandike juu ya ukurasa tarehe uliyochomwa sindano.

Safu ya pili ni alama ya 0 hadi 10, mara tatu: asubuhi, jioni, na kilele cha siku pamoja na saa yake. Namba bila kipimo haisaidii, kwa hiyo ifunge kwenye matendo na uyaandike ndani ya jalada. Mathalani: 0 huhisi kitu, 3 unayahisi lakini unaendelea na kazi bila kusimama, 5 unafanya kazi lakini umepunguza mwendo, 7 umeketi au umelala na huwezi kufuata mazungumzo, 9 unatapika au unalia. Ukishaamua 7 ni nini, usiibadilishe katikati ya mwezi. Alama zinazopanda kila wiki kwa sababu tu umechoka nazo haziwezi kusomeka.

Safu ya tatu ni kichochezi, na ndiyo tunayoitilia mkazo kuliko zote. Andika kilichotangulia maumivu ndani ya saa moja au mbili: kula, kukaa sana, haja kubwa, kibofu kujaa, kukojoa, tendo la ndoa, kuinua mtungi wa maji. Kwa haja kubwa na ndogo andika namba mbili, kabla na baada. Maumivu yanayopanda kabla ya choo na kushuka baada yake yanaelekeza kwenye utumbo. Yanayopanda kadiri kibofu kinavyojaa na kupungua ukishakojoa yanaelekeza kwenye kibofu chenyewe. Kuwaka wakati mkojo unapita, pamoja na harufu au mkojo mzito, kunaelekeza kwenye maambukizi. Kwa tendo la ndoa tofautisha: yanauma mlangoni wakati wa kuingia, au ndani kabisa? Ya ndani yanayoendelea saa kadhaa baadaye ni habari kubwa kwa daktari wa wanawake, hata kama unaona haya kuitamka. Ikiandikwa, huhitaji kuitamka.

Aina ya choo iandike kwa namba kutoka kwenye jedwali la Bristol: 1 ni vigololi vigumu kama vya mbuzi, 4 ni laini na kirefu, 7 ni maji matupu. Namba moja inamaliza sentensi tatu.

Safu ya nne ni dawa: jina, miligramu, saa uliyomeza, na alama ya maumivu baada ya saa moja na nusu. Ya tano ni kile ulichoshindwa kufanya. "Sikwenda kazini" au "nilishuka Roysambu nikarudi nyumbani" ina uzito kuliko "niliumwa sana".

Mistari miwili ikishajazwa inaonekana hivi:

Jumanne 4, siku ya 27. Asubuhi 2, kilele 5 saa tisa mchana, jioni 3. Kiuno na kinena. Choo aina ya 2, kabla 5, baada 2. Bila dawa. Nilimaliza kazi.

Jumatano 5, siku ya 1. Asubuhi 6, kilele 9 saa nne asubuhi, jioni 5. Tumbo la chini lote, mapaja. Nilitapika mara moja. Choo aina ya 6, kabla 8, baada 8. Ibuprofeni 400 mg saa tano, baada ya saa moja na nusu bado 7. Sikutoka nyumbani.

Itazame hiyo ya pili. Choo hakikupunguza kitu safari hii, na dawa ilimezwa saa moja baada ya kilele. Mambo hayo mawili yatamfanya daktari aulize maswali tofauti kabisa na "unaumwa wapi".

Mchoro wa mwili na vipimo vitatu vya nyumbani

Chora mwili mara mbili, mbele na nyuma, ukubwa wa nusu ukurasa. Rangi moja iwe ya maumivu ya ndani, yale mazito yasiyo na mpaka. Nyingine iwe ya ngozi au misuli inayouma ikiguswa. Chora upya kila wiki bila kutazama mchoro uliopita.

Kipimo cha kwanza ni cha pamba. Lala chali, pitisha pamba taratibu kwenye ngozi kuanzia chini ya mbavu kushuka hadi kinena, kulia, kati na kushoto. Kama kuna mstari ambapo pamba inageuka kuwa ya kuchoma au ya kuudhi, uchore. Ngozi haina ugonjwa. Seli za uti wa mgongo zimekuwa zikipigiwa kelele na kiungo cha ndani hadi zikaanza kuitikia hata mguso mwepesi. Kipimo hiki kifanye mara moja siku ya hedhi na mara moja siku ya kati, karibu siku ya 10. Tofauti ya hizo mbili ndiyo inayotafutwa.

Cha pili kinaitwa kwa jina la daktari wa upasuaji wa Marekani, John Carnett, aliyekieleza mwaka 1926. Lala chali, tafuta kwa kidole sehemu inayouma zaidi, ibonyeze ukaishikilie. Sasa kunja mikono kifuani, mwambie mwenzako aendelee kubonyeza, uinue kichwa na mabega kutoka kitandani. Misuli ya tumbo ikikaza inakinga viungo vya ndani. Maumivu yakipungua, chanzo kinaelekea kuwa ndani. Yakibaki vile vile au kuzidi, ukuta wa tumbo wenyewe unahusika: misuli, neva iliyobanwa, au kovu la upasuaji wa kujifungua. Wanaokosea hapa hubonyeza kwa kiganja kizima. Tumia kidole kimoja.

Cha tatu ni cha kibofu. Kwa siku tatu, ambazo si lazima zifuatane, pima kila mkojo kwa jagi na uandike mililita, saa, na alama ya maumivu kabla na baada. Mtu mzima mara nyingi hutoa kati ya 250 na 400. Ukiona unakojoa 80 au 100 mara kumi na tano kwa siku kwa sababu ya maumivu na vipimo vya maambukizi ni safi, hilo si UTI isiyosikia dawa. Frank Tu na wenzake huko Marekani waliwapa wanawake maji ya kunywa na kuwataka waeleze maumivu kibofu kikijaa taratibu. Wenye maumivu makali ya hedhi kwa wastani waliumwa na kibofu zaidi, ingawa hawakuwa na ugonjwa wa kibofu. Siku hizo tatu za kupima usipunguze maji ili "matokeo yawe mazuri". Mkojo mzito huwasha kibofu na kuharibu rekodi.

Kuyasoma baada ya miezi miwili

Panga kurasa kwa siku za mzunguko. Maumivu yanayoanza siku ya 1 au saa chache kabla, yakawa mabaya saa 48 za kwanza na kuisha, ni ya prostaglandini: kemikali ambazo utando wa mfuko wa uzazi unazitoa unapobomoka, zinazoufanya ujibane. Maumivu mafupi ya upande mmoja karibu siku ya 14 kwa kawaida ni yai kutoka.

Yanayoanza siku kadhaa kabla ya damu, yakabaki baada yake, yakaongezeka mwaka hadi mwaka, na kuambatana na choo kinachouma wakati wa hedhi au maumivu ya ndani kwenye tendo la ndoa, yanadai uchunguzi wa endometriosisi, yaani tishu inayofanana na utando wa mfuko wa uzazi kuota nje ya mfuko huo. Shirika la Afya Duniani linakadiria ugonjwa huu unawapata takriban asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa. Nairobi wengi walilisikia jina hilo kutoka kwa mtangazaji Njambi Koikai, aliyeeleza hadharani jinsi ugonjwa ulivyofika hadi kwenye mapafu yake, hadi alipofariki Juni 2024. Kwa hiyo kifua kinachouma au pumzi inayokatika kila siku ya kwanza ya hedhi iandikwe pia, na daktari aambiwe mapema.

Maumivu ya tumbo angalau siku moja kwa wiki kwa miezi mitatu, yanayohusiana na choo na kubadilika kwa choo, yanaingia kwenye vigezo vya utumbo wenye kuchukia, ambao Waingereza huuita IBS. Tahadhari: wenye IBS nao huzidiwa wakati wa hedhi. Kuzidi kwa maumivu siku ya 1 peke yake hakuthibitishi kuwa ni mfuko wa uzazi. Utazame siku za kati: siku ya 8 hadi ya 20 kukoje? Hapo ndipo utumbo unajitenga na uzazi.

Na kama daftari linaonyesha viungo vyote vinauma siku zote, rekodi haijaharibika. Inasema uti wa mgongo na ubongo vimeshazoea kuongeza sauti. Katy Vincent na wenzake wa Oxford mwaka 2011 waliwachunguza wanawake wenye maumivu ya hedhi ambao vinginevyo walikuwa na afya njema, wakakuta ubongo wao unachakata maumivu tofauti hata siku zisizo za hedhi. Ndiyo maana kusubiri miaka "yaishe yenyewe" kuna gharama.

Ndani ya kliniki

Andika ukurasa mmoja wa mbele: umri, mimba na watoto, upasuaji uliofanyiwa, dawa zote unazotumia, alama ya kilele ya kila mzunguko, siku ngapi ulishindwa kazi, vichochezi vitatu vikubwa. Daftari zima libaki mkononi. Anza hivi: "Daktari, nimerekodi mizunguko miwili. Yanaanza siku tatu kabla ya damu, yananiuma nikienda choo, na ibuprofeni haifiki." Usianze na "nadhani nina endometriosisi", anza na muundo, jina litafuata. Kuhusu namna yanavyouma, tumia neno linaloyafaa: kusokota, kukata, kuvuta, kuwaka, kudunda, kufura. Kusokota kunakokuja na kuondoka ni mfereji wa ndani, kama utumbo, unaojibana. Kuwaka kunakotulia mahali ni neva au ngozi.

Omba kipimo cha mkojo kioteshwe maabara kabla ya kupewa tena antibiotiki. Kuhusu homa ya matumbo, kipimo cha Widal cha tone moja la damu hakitoshi kueleza maumivu ya kila mwezi. Ukitumwa ultrasaundi uliza ni ya aina gani: ya juu ya tumbo inataka kibofu kilichojaa, ya kupitia ukeni inataka kibofu kitupu na huonyesha zaidi. Kama hujawahi kufanya tendo la ndoa, sema mapema. Ya juu ya tumbo inatosha kuanza. Una haki ya kuomba mwanamke awepo chumbani.

Ripoti ikirudi safi, elewa inachosema. Endometriosisi ya juu juu haionekani kwenye ultrasaundi, na ukubwa wa madoa hauendani na ukubwa wa maumivu. Karen Berkley wa Chuo Kikuu cha Florida State alionyesha kwa panya kuwa vipande vya mfuko wa uzazi vilivyopandikizwa tumboni huota neva zake vyenyewe, zinazounganika na uti wa mgongo. Doa dogo lenye neva linaweza kuumiza kuliko uvimbe mkubwa usio nazo. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2022 umeacha kudai laparoskopi, yaani kuchungulia tumbo kwa kamera kupitia tundu dogo, ifanyike kwanza. Daktari anaweza kuanza matibabu ya homoni kwa muundo wa dalili. Hapo daftari lako ni ushahidi.

Dawa, na zinapokosewa

Kama huna kizuizi, ibuprofeni 400 mg kila saa nane, baada ya kula, kwa siku mbili hadi tatu. Au asidi ya mefenamiki 500 mg mara tatu kwa siku. Kosa kubwa ni kungoja maumivu yafike 8 ndipo umeze. Dawa hizi zinazuia prostaglandini kutengenezwa. Zilizokwisha kutengenezwa hazifutwi. Daftari likikuonyesha damu inakuja siku ya 27 au 28, anza dalili ya kwanza inapojitokeza, kisha fuata saa, si maumivu.

Kosa la pili ni kuchanganya. Ibuprofeni, diklofenaki na mefenamiki ni za familia moja hata zikiwa kwenye paketi tatu za majina tofauti. Kuzimeza pamoja kunaongeza madhara ya tumbo na figo bila kuongeza nafuu. Usizitumie ukiwa na vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayochochewa na aspirini, au ukiwa mjamzito. Kama uko kwenye ARV au PrEP yenye tenofoviri, mwambie mfamasia kabla ya kununua, kwa kuwa zote mbili zinagusa figo. Parasitamoli gramu 1 kila saa sita, isizidi gramu 4 kwa siku, inabaki kwa wengi wa hao. Chupa ya maji moto iliyofungwa kwa leso, isiyounguza, ina nguvu kuliko inavyosifiwa.

Tramadoli tunaishauri kwa tahadhari kubwa. Inafunga choo, na choo kilichofungwa kinatanua utumbo. Matumizi ya muda mrefu yanaweza kuuzidisha usikivu wa neva wenyewe. Daktari akipendekeza amitriptilini, dawa inayojulikana kwa kutibu sonona, kidogo usiku, hajakuita mgonjwa wa akili. Dozi ndogo inatuliza njia za neva. Gabapentini, dawa ya maumivu ya neva, kwa upande mwingine, ilijaribiwa Uingereza kwa wanawake 306 wenye maumivu sugu ya nyonga yasiyoonekana chanzo kwenye laparoskopi, na matokeo ya mwaka 2020 hayakuipa ushindi juu ya kidonge kisicho na dawa. Ukiandikiwa, uliza kwa nini.

Misuli ya sakafu ya nyonga iliyozoea kujikaza kujilinda inaendelea kuuma hata chanzo kikitibiwa. Muulize daktari kuhusu mtaalamu wa fiziotherapia anayeshughulikia nyonga. Mazoezi ya kukaza yanayofundishwa baada ya kujifungua hayafai hapa. Hiyo misuli inahitaji kufundishwa kulegea.

Ukialikwa kwenye utafiti

Wataalamu wa neva wanahitaji wanawake kwenye tafiti hizi. Jeffrey Mogil na mwenzake walipopitia majaribio ya wanyama yaliyochapishwa kwenye jarida kuu la maumivu kwa miaka kumi, asilimia 79 yalitumia madume peke yake. Taasisi ya afya ya Marekani, NIH, ilianza tu Januari 2016 kuwataka watafiti waizingatie jinsia kama kigezo cha kibaolojia. Kwa hiyo mwaliko ni wa maana, lakini uliza. Nani ameidhinisha kimaadili, na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa inayoidhinisha tafiti, iko wapi? Fomu ya ridhaa ipo kwa Kiswahili, na nitabaki na nakala? Kama kuna kipimo cha puto linalotanuliwa utumboni au cha mkono kwenye maji ya barafu, kitasimamishwa nikisema basi? Matibabu yangu yataendelea nikijitoa? Jibu la swali la mwisho lazima liwe ndiyo bila masharti.

Ukianza homoni au dawa yoyote mpya, usifunge daftari. Endelea mizunguko mitatu kwa alama zile zile ulizozifunga kwenye matendo, kisha linganisha safu moja moja: kilele, siku za kushindwa kazi, maumivu ya choo, maumivu ya kibofu. Damu ikipungua huku choo cha siku ya 1 kikibaki 8 kabla na 8 baada, rudi kwa daktari na ukurasa huo ukiwa umefunguliwa.